Tupeane uzoefu: unamenyaje yai la kuchemsha likatoka zima?

Wakuu, habari za muda huu. Naomba tuongee kuhusu yai la kuchemsha linalogoma kumenyeka. Ganda linabanduka na vipande vya ute, yai linabaki na mashimo, na kama ulilikusudia kwa pilau la wageni huwezi tena kuliweka juu ya sinia.

Naanza mimi. Hapa nyumbani Morogoro tunafuga kuku, na yai la leoleo ndilo gumu kumenya kuliko yote. Yai jipya lina hewa ya ukaa nyingi ndani ya ute, na ute wa hali hiyo ukiiva unang'ang'ania utando wa ndani ya ganda. Siku zinavyokwenda hewa hiyo inatoka kupitia vitundu vya ganda, ute unabadilika, mshiko unalegea. Kwa hiyo mayai mapya tunakaanga, ya kuchemsha nayatenga kama wiki moja hivi.

Lakini lenye uzito zaidi kwangu ni maji. Sianzi na maji baridi hata siku moja. Maji yatokote kwanza, ndipo nashusha mayai kwa kijiko, moja moja. Ute ukikutana na joto kali ghafla unaganda kabla haujashikana na utando. Ukianza na maji baridi, joto linapanda polepole na vitu viwili hivyo vinapata muda wa kugandana. Dakika 11 au 12, kisha nayatumbukiza kwenye maji baridi. Tangu nishike njia hii, hata mayai mapya yananikubali.

Wenzangu mnafanyaje? Hasa mnaomenya mengi kwa biashara.

Muuza Mayai Stendi
Mkuu, mimi nauza mayai stendi, na kachumbari na chachandu. Abiria analiagiza dirishani huku basi linanguruma, kwa hiyo kumenya lazima kuwe haraka. Gonga upande butu, usigonge uliochongoka. Kwenye upande butu kuna chumba cha hewa, kidole kinapita chini ya utando bila kugusa ute. Ukishaushika utando, ganda lote linafuata. Wengi wanabandua ganda peke yake wanauacha utando, ndiyo maana wanahangaika na vipande vidogovidogo. Mimi nikishagonga nalibiringisha kwenye kibao kwa kiganja mpaka ganda lote lipate nyufa, halafu nalimenyea ndani ya bakuli la maji. Maji yanaingia katikati, yanasukuma.

Trei nikiletewa siwezi kujua kwa macho mayai yana umri gani. Natia machache kwenye maji: jipya linalala chini, lililokaa linasimama, linaloelea silitumii kabisa.

Bi Mkubwa wa Unguja
Mie siyatii majini. Natia maji kidogo chini ya sufuria, juu yake chujio la chuma, maji yakishachemka napanga mayai na kufunika. Mvuke wa dakika 12 au 13. Joto linayapiga mara moja kama ulivyosema mwanangu, na hayagongani, kwa hiyo hayapasuki. Yai la kwenye urojo linakatwa mbele ya mlaji, likiwa limechunika linaonekana.

Kijana wa Nyanda za Juu
Nyongeza kwa wa huku kwetu Mbeya. Tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 94, si 100. Dakika za Dar hazitoshi. Yai likiwa bado laini linachanika hata kama ganda halijashika. Mimi naongeza dakika 2.

Mama Wawili
Chumvi je? Mama mkwe hachemshi yai bila chumvi.

Mwanzisha uzi
Dada, kwa kumenya sijaona tofauti. Faida yake ni yai likipasuka: ute unaovuja unaganda upesi, hautapakai sufuria nzima. Usimkataze mama.

Mpika Egichopu
Kwangu mimi maji baridi ndiyo kila kitu. Egichopu inakatwa katikati, na mteja akiona kiini kimezungukwa na ukijani anadhani yai bovu. Si bovu. Ni madini ya chuma ya kwenye kiini yamekutana na salfa ya kwenye ute kwa sababu yai limepikwa mno au limeachwa lipoe ndani ya maji yake ya moto. Nayatoa jikoni, namwaga maji, natia ya baridi, yakipata uvuguvugu namwaga natia mengine. Yakishapoa kabisa ndipo namenya. Magadi niliwahi kujaribu, ladha yake sikuipenda.

Mama Wawili
Na ya kware? Ganda jembamba, utando kama ngozi.

Muuza Mayai Stendi
Hayo dakika 4 mpaka 5 tu kwenye maji yanayochemka, kisha maji baridi. Bonyeza kwa vidole ganda lote livunjikevunjike, anzia upande butu, uuvute utando kwa kuzungusha yai ndani ya maji. Kama ni mengi ya sherehe, yaloweke kwenye siki nyeupe baada ya kuyachemsha. Siki inakula ganda lenyewe, unabaki na utando wa kuvua.

Mama Wawili
Siki nitaijaribu Jumamosi, nina ugeni. Nitaleta majibu hapa.