Baba anakunywa gome la mukuzanume kila siku, ni salama?

Binti_Tegeres
Hamjambo wazazi. Baba yangu anaishi juu Kapchorwa, Mlima Elgon upande wa Uganda, karibu na msitu wa hifadhi. Tangu mvua zianze anakohoa. Jirani amemuuzia gome la mukuzanume, ule mti wa dawa wengine huuita msokonoi (Warburgia ugandensis), analichemsha asubuhi na jioni ati aongeze kinga ya mwili. Anameza pia vidonge vya presha. Je, aendelee? Na nitajuaje kama gome ni lenyewe?

Mama_Sipi
Hatujambo, mwanangu. Tafuna kipande kidogo kama ukucha. Mwanzo ni uchungu, halafu moto wa pilipili unapanda ulimini na kushuka kooni. Kama hakiwashi, mmeuziwa mti mwingine. Kwetu hatukunywa kila siku: mtu akishikwa na mafua alichemshiwa kidogo, siku mbili tatu, akaacha. Kinga ya kila siku ilikuwa sahanini, mgagani uliolazwa na maziwa, maharage, uji wa wimbi.

Kinachoniuma ni huko kuchuna. Wauzaji wanazungusha panga mti mzima. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome. Likitolewa pande zote, mizizi inakufa njaa na mti unakauka umesimama. Prunus africana, ule ambao gome lake husafirishwa Ulaya kwa dawa za tezi dume, ulichunwa hivyo hivyo hadi biashara yake ikawekewa masharti mwaka 1995 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Baba atumie majani. Nayo yanawasha, na yanachipua tena.

Nesi_Mlimani
Dada, kikohozi kikifika wiki mbili, apimwe kifua kikuu, hata kama bado ana nguvu za kulima. Vituo vya serikali hupima bure. Vidonge vya presha asiviache. Wagonjwa wengi hutuficha mitishamba wakiogopa kugombezwa, na baadhi yake hubadilisha dawa inavyofanya kazi mwilini. Abebe hilo gome, amwonyeshe daktari.

Binti_Tegeres
Asanteni sana. Hii ni wiki ya tatu, kesho kaka atampeleka na bodaboda. Mama, nataka kupanda mukuzanume pale nyumbani. Mbegu nikizihifadhi hadi mvua zijazo zitaota?

Mama_Sipi
Usizihifadhi, mwanangu. Zikikauka zinakufa. Zitoe kwenye tunda lililoiva, uzioshe, uziatike siku hiyo hiyo kivulini.