Nilimpa mgeni pole ya maafa kumbe ni uchaguzi. Kiingereza cha habari mnajifunzaje?

Dada wa Mapokezi (Moshi)
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Niko mapokezi kwenye hoteli ndogo hapa Moshi, zamu ya usiku. Wageni wetu wengi ni wapanda mlima, saa tatu wameshalala, nabaki na simu yangu na habari za Kiingereza. Sarufi ya shule ninayo. Kinachoniangusha ni hivi:

Julai 2024, asubuhi baada ya uchaguzi wa Uingereza, naona kichwa cha habari kina "Labour" na "landslide". Landslide naijua, maana Desemba 2023 matope yaliposhuka Katesh kule Hanang nilifuatilia kila habari, shangazi yangu anaishi huko. Basi mzee mmoja Mwingereza aliposhuka kunywa chai nikamwendea kwa adabu zote: "So sorry for the landslide, sir. I hope your family is safe." Akaweka kikombe chini, akanitazama, akacheka mpaka machozi. Kisha akasema kwake ni msiba kweli, upande wake ndio ulioshindwa.

Tangu siku hiyo nina daftari, maneno kama 200 sasa. Lakini nikikutana nayo kwenye habari nyingine siyatambui. Juzi tu: "Minister grilled by MPs". Grili hapa kwetu ni ya kuchomea kuku!

Mwalimu Mstaafu (Tanga)
Marahaba binti. Daftari lako lina neno na maana, halina tukio, ndiyo maana halikusaidii. Landslide ya uchaguzi ni ushindi wa kishindo: Labour walipata viti zaidi ya 400 kati ya 650. Iandike hivyo hivyo, na viti vyake. Mwaka 2017 huko huko likatokea "hung parliament". Usimtafute aliyenyongwa. Hakuna chama kilichofikisha viti 326, yaani zaidi ya nusu, basi Bunge likabaki linaning'inia. Hayo mawili yaweke ukurasa mmoja, yatakumbushana.

Halafu vichwa vya habari vina sarufi yake. Safu ya gazeti ni nyembamba, wahariri wakazoea maneno mafupi: "axe" ni kufuta au kupunguza, "probe" uchunguzi, "row" mzozo, "nod" idhini. Kitenzi "be" wanakiangusha. Ukisoma "Man held over theft", huyo bwana hakushika kitu, ameshikwa yeye. Na "to" ni wakati ujao: "President to visit Tanga" maana yake atakuja, usianze kufagia barabara. La jana, kinyume chake, huandikwa kama linatokea sasa hivi.

Hiyo grilled ni kuwekwa kiti moto. (Si kile cha kula na ndizi.) Unaona jiko ni lile lile?

Mtoto wa Likoni (Mombasa)
Dadangu pole, hata sisi tunaojidai kinatupiga chenga. Nilikuwa nikiandika mihtasari ya mikutano kwa kampuni moja ya Marekani. Wakasema hoja imekuwa "tabled", nami nikaandika imewasilishwa. Huku Kenya, kama Uingereza, uki-table hoja umeileta mezani ijadiliwe. Kumbe kwao ni kuiweka kando! Nikarudishiwa kazi yote. Kwa hiyo daftarini andika na habari imetoka nchi gani.

Mbinu yangu: nasoma Taifa Leo kwanza, halafu Daily Nation ya siku hiyo hiyo, nyumba moja hiyo. Nanyi huko mna Mwananchi na The Citizen. Ukishajua kilichotokea, neno geni linajieleza lenyewe.

Fundi Cherehani (Mbagala)
Mimi nilijifunza kwa orodha ya misemo, ile ya misemo 100 kwa wiki. Mteja wangu Mzungu akafiwa na mama yake, nikamtumia ujumbe kwamba nimesikia mama "kicked the bucket", nampa pole. Sikujua ni sawa na kumwambia mfiwa "bi mkubwa kavuta". Gauni lake bado linaning'inia hapa dukani. Kwenye habari ningeona "dies" au "has died" kila siku, na huo msemo wa ndoo karibu nisiuone. Orodha haikwambii neno linavaliwa wapi.

Dada wa Mapokezi
Fundi umeniua! Mwalimu, nimejaribu na hiki: "Watchdog raps bank over fees". Nilianza na mbwa, nikaona na muziki, nikajua nimepotea. Nikasoma habari yenyewe: ni mamlaka inayosimamia mabenki. Nikaandika: "Mamlaka yaikaripia benki kuhusu makato." Nimepatia?

Mwalimu Mstaafu
Umepatia. Na hukuomba msaada wa kamusi, aya ya kwanza ilikutosha. Nikuachie kimoja cha usiku huu: "PM in tax U-turn". Anayegeuza gari hapo ni nani?

Dada wa Mapokezi
Hakuna gari mwalimu, ni waziri mkuu kageuza kauli kuhusu kodi! Ngoja nikawaamshe wageni wa Machame, gari lao ndilo la kweli na limeshafika.