Kubadilisha vichwa vikuukuu vya treni za mfano viendeshwe kidijitali: nianzie wapi?

Mwanareli aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Marehemu mjomba wangu ameniachia sanduku la treni za mfano, na ndani yake mna vichwa viwili ambavyo ningependa vitembee badala ya kukaa kabatini. Cha kwanza ni kichwa cha mvuke cha Tri-ang chenye magurudumu sita, na mota yake ni ile ya wazi ambayo ukiinua bodi unaiona sumaku, koili na brashi (vipande vinavyofikisha umeme kwenye koili inayozunguka) bila kufungua kitu kingine. Cha pili ni cha dizeli cha Athearn, cha zamani, kizito kwa sababu chasisi yake ni chuma kitupu. Vyote vinakwenda vizuri kwa umeme wa kawaida wa volti 12, lakini reli zangu nimeshazihamishia kwenye DCC, yaani mfumo wa kidijitali unaopitisha umeme na amri pamoja relini, na vichwa hivi havina soketi ya kuchomekea dekoda, kile kifaa kidogo cha kusoma amri hizo.

Rangi za nyaya nimezisoma: nyekundu na nyeusi zinatoka relini, ya chungwa na ya kijivu zinakwenda kwenye mota, nyeupe na njano ni za taa za mbele na nyuma, na buluu ni chanya ya pamoja ya taa zote. Kinachonitatiza ni kwamba nikiangalia ndani sioni nyaya za kukata. Katika kichwa cha dizeli mota imelala ndani ya chuma, na umeme unafika kwenye brashi ya juu kwa kipande kirefu cha bati. Nitoe nini, niunge wapi, na je, dekoda ya ampea 1 itazihimili mota za umri huu? Jamaa yangu mmoja alijaribu kichwa cha namna hii, na dekoda ikatoa moshi kabla gurudumu halijazunguka hata nusu. Nisingependa yanikute hayo.

Fundi Koili alijibu:

Ndugu Mwanareli, yaliyomkuta jamaa yako yana sababu moja katika visa vingi nilivyoletewa mezani: brashi moja ya mota ilikuwa bado inagusa chasisi. Katika umeme wa kawaida hilo si kosa. Watengenezaji walifanya hivyo makusudi, kwa kuwa chuma cha chasisi kiliwaokolea waya mzima: umeme wa reli moja ulipita kwenye magurudumu, ekseli na chasisi hadi kwenye brashi. Chini ya DCC mambo ni mengine kabisa. Reli zina umeme kamili muda wote, volti 14 hivi au zaidi kidogo, nao unageuka upande maelfu ya mara kwa sekunde, kwani biti ya moja huchukua mikrosekunde 58 upande mmoja na 58 upande wa pili. Dekoda ndiyo inayoupokea umeme huo, ikaunyoosha, ikasoma amri iliyomo, kisha ikaupimia mota kidogo kidogo. Brashi ikigusa chasisi, umeme wa reli huingia kwa mlango wa nyuma hadi kwenye transista ndogo zinazoendesha mota, nazo hazina uwezo wa kuustahimili hata kwa kupepesa jicho.

Kwa hiyo brashi zote mbili zitengwe na kila kitu, isipokuwa waya wa chungwa na wa kijivu.

Katika kichwa chako cha Tri-ang utaona brashi zinabanwa na springi moja yenye miguu miwili. Mguu mmoja umevalishwa mrija mdogo wa kuzuia umeme. Mwingine uko mtupu, na huo mtupu ndio unaotoa umeme kwenye mwili wa mota na kuufikisha kwenye brashi. Ivue springi kwa kibano huku umeiwekea kidole, maana ikiruka utaitafuta chini ya meza hadi jioni. Chukua waya mwembamba, uchune, na kile kigamba chake cha plastiki kivalishe mguu mtupu, kisha rudisha springi mahali pake. Waya wa chungwa na wa kijivu vilehemu kwenye vishikio vya brashi, upande wa nje, kwa mguso wa haraka, kwa sababu kibao kinachovishika hakipendi joto. Ukikuta kapasita iliyofungwa kati ya brashi mbili, iondoe. Iliwekwa zamani ili kuzuia mikwaruzo ya redio, lakini dekoda za sasa huendesha mota kwa mapigo ya haraka sana, na kapasita hiyo huyameza na kuichosha dekoda bure.

Kazi ya kichwa cha Athearn ni rahisi kuliko inavyotisha. Toa mota nzima, uigeuze. Chini yake kuna klipu ya shaba inayofunika brashi, na klipu hiyo ina kucha mbili zinazogusa chasisi. Hizo kucha zikate au uzilaze, bandika tepu isiyopitisha umeme sakafuni mwa chasisi mahali pote mota inapokaa, kisha lehemu waya wa kijivu kwenye klipu ya chini na wa chungwa kwenye klipu ya juu. Klipu ilehemu ikiwa nje ya mota, kamwe si ikiwa imebana springi na brashi. Lile bati refu la juu halina kazi tena: liondoe, na mahali pake uunganishe waya mwekundu na bogi zote mbili, yaani fremu zinazobeba magurudumu, halafu mweusi uufunge kwenye chasisi.

Kabla dekoda haijaguswa, washa mita kwenye kipimo cha omu, weka ncha moja kwenye brashi na nyingine kwenye kila gurudumu, kisha kwenye chasisi. Pasionekane njia ya umeme popote. Usitosheke na mita ikiwa kichwa kimetulia: zungusha magurudumu kwa kidole, isukume mota kushoto na kulia, kipindue kichwa juu chini. Nimewahi kupima kichwa kikapita mitihani yote mezani, kisha kikaunguza dekoda kwenye kona ya kwanza, kwa sababu mota ilikuwa inacheza nusu milimita.

Mzee wa Rilei alijibu:

Fundi amesema kweli, ila hakugusa swali la ampea, na hilo ndilo la kujibiwa kabla mtu hajatafuta dekoda. Kiweke kichwa kwenye umeme wa kawaida wa volti 12, pitisha njia moja kwenye mita iliyopangwa kwenye tundu la ampea 10, kiachie kikimbie, soma. Kisha kishike magurudumu yasimame kabisa kwa sekunde moja au mbili, soma tena, uachie. Namba ya pili ndiyo inayochagua dekoda, kwa sababu siku kichwa kitakapokwama penye makutano ya reli wewe ukiwa umegeuka, dekoda itabeba mzigo huo wote peke yake. Dekoda nyingi za HO, yaani za treni za mfano za kipimo cha 1:87, huandikwa ampea 1 ya kudumu na 2 za muda mfupi, na hapo kuna nafasi ya kutosha kwa mota nyingi, lakini si zote.

Utaambiwa pia kwamba sumaku ya zamani ikichoka, umeme wa kukwama hupanda. Si sahihi. Mota iliyosimama hula umeme kulingana na waya wa koili zake tu, sumaku iwe kali au imelala. Sumaku iliyochoka hupandisha umeme wa kutembea: mota hukosa nguvu, hupiga mbio bila kuvuta, na hupata joto. Ukiweka vipande vya neodimiamu, sumaku kali za kisasa, mahali pa sumaku ya zamani, kichwa kitatembea polepole zaidi, kitavuta zaidi, na kitakula kidogo. Usitoe tu ile ya zamani na kuirudisha, kwani sumaku za alniko, aloi ya sumaku za zamani, hupoteza nguvu zikitenganishwa na vyuma vyake.

Jambo jingine, kijana wangu: kichwa kinachotembea vibaya kwa umeme wa kawaida hakitaponywa na dekoda. Safisha komyuteta, ile sehemu inayozunguka ambayo brashi huigusa, kwa spiriti ya isopropili, toa unyoya na mafuta yaliyoganda kwenye gia, badilisha brashi zikiwa fupi, ndipo uanze.

Na kwa yeyote mwenye Märklin za reli tatu anayesoma hapa, maelekezo ya Fundi hayamtoshi. Mota za kale za huko hazina sumaku ya kudumu kabisa. Zina koili ya nje, na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ndani ya kichwa hugeuza mwelekeo kwa pigo la volti 24. Njia ya kawaida ni kutoa koili hiyo pamoja na rilei, na kuweka sumaku ya kudumu mahali pa koili. Tena transfoma ya zamani yenye pigo hilo isiguse tena reli zenye vichwa vyenye dekoda.

Mwanareli aliandika:

Mzee wangu, Fundi, nawashukuru sana. Nimepima. Kichwa cha dizeli kinakula ampea 0.4 kikitembea na 0.9 kikishikwa. Kile cha mvuke kinakula 0.7 kikitembea peke yake bila behewa hata moja, na 1.2 kikishikwa. Nadhani sumaku yake ndiyo ile Mzee aliyoisema, kwa kuwa baada ya dakika kumi mota ilikuwa ya moto kiasi cha kuondoa kidole.

Kucha za klipu ya dizeli nimezikata na tepu nimebandika, na mita haioni njia yoyote, hata nikikipindua. Limebaki suala la taa: balbu ya mbele imeshikwa na bati lililofungwa kwenye chasisi. Naweza kuiacha hapo na kuunga waya mweupe tu?

Dada Taa alijibu:

Kaka Mwanareli, ukiiacha hapo itawaka, lakini vibaya. Itakuwa inapata nusu tu ya umeme kupitia reli moja, kwa hiyo itafifia na kucheza cheza, na mwanga wake utabadilika kadiri amri zinavyopita relini. Balbu ya zamani ina joto pia, na bodi za plastiki za umri huo nimeziona zikilainika juu ya taa hadi paji la kichwa likaingia ndani kama tunda lililoiva kupita kiasi. Toa balbu na bati lake. Weka taa ya LED, mguu wake mrefu uende kwenye waya wa buluu, mfupi uende kwenye mweupe, na katikati ya mmojawapo uweke rezista ya kilo-omu 1. Kwa umeme wa volti 14 taa nyeupe itapata kama miliampea 11, na huo ni mwanga mwingi kwa kichwa kidogo. Mimi huweka kilo-omu 2 au zaidi ili isionekane kama kurunzi. Waya wa buluu usiouhitaji mahali pengine ufunike ncha yake. Ukigusa chasisi ni habari ile ile ya Fundi.

Kuhusu kichwa cha mvuke, angalia ni magurudumu mangapi yanachukua umeme. Mota ya kawaida ikikosa umeme kwa kitambo kidogo hupita kwa kasi yake na wala huoni, lakini dekoda ni kompyuta ndogo: ikikatikiwa huzima, huamka, hujiuliza ilikuwa wapi. Ongeza visugulio vya shaba nyembamba ya fosfori nyuma ya kila gurudumu lililotengwa na ekseli yake, kabla hujafikiria kapasita ya kuhifadhi umeme. Kapasita hiyo ni msaada mzuri, ila kwenye reli ya kupangia, yaani kipande cha reli cha kusomea na kuandikia mipangilio ya dekoda, baadhi hukorofisha usomaji, kwa hiyo ifunge mwisho, baada ya kupanga.

Mwanareli aliandika:

Leo asubuhi nimekiweka kichwa cha dizeli kwenye reli ya kupangia kama kawaida, maana umeme wake umebanwa na kosa haliunguzi haraka. Mara ya kwanza mtambo ulikataa kusoma chochote. Nikagundua waya wa kijivu ulikuwa umeng'oka kwenye klipu, na ndipo nikaelewa kwamba dekoda hujibu kwa kuitikisa mota kidogo, hivyo mota isipounganishwa mtambo hausikii jibu. Nimelehemu upya, anwani 3 ikasomeka, nikaibadilisha iwe 12, na kichwa kikaanza kutambaa kwenye hatua ya mwendo ya 2 kati ya 128, polepole kuliko nilivyowahi kukiona siku za mjomba.

Shida ni moja tu: nikisema mbele, kinarudi nyuma. CV29, namba ya mipangilio mikuu ndani ya dekoda, inasomeka 6. Nifungue tena na kubadilishana chungwa na kijivu?

Fundi Koili alijibu:

Usifungue. Ndani ya 6 mna 2 ya hatua za mwendo 28 na 128, na 4 ya kuruhusu umeme wa kawaida. Mwelekeo ni 1, kwa hiyo 7 itakigeuza, pamoja na taa zake. Lakini kwa kuwa reli zako ni za DCC pekee, iondoe na ile 4, maana kelele za shoti wakati mwingine huifanya dekoda idhani ipo kwenye umeme wa kawaida, na kichwa kikakimbia ukutani. Andika 3.

Na sumaku ya kile cha mvuke ukishaibadilisha, pima tena kikitembea kabla ya kununua dekoda, utuletee namba.