Tupeane uzoefu: umewahi kukutana na msanii anayewasaidia watoto kwa sanaa yake?

Mwanzisha mada

Wanajukwaa, naomba tupeane uzoefu kwa wale ambao wamewahi kukutana na msanii wa karibu nao, awe mchoraji, mfinyanzi au mchezesha vikaragosi, anayetumia kazi yake kuwasaidia watoto waliopitia magumu. Sifa za jumla tunazisikia kila siku. Ninachokitafuta ni namna anavyofanya, yaani anaanzaje na mtoto asiyetaka kuzungumza, na anajizuia kufanya nini.

Nianze na niliyemwona mwenyewe. Ni mchoraji wa mabango ambaye mwisho wa juma huwafungulia karakana yake watoto waliofiwa na wazazi. Nilitarajia kukuta somo, lakini hakuna aliyefundishwa kuchora chochote: karatasi zilikuwa mezani, rangi zimekwisha kumiminwa kwenye vifuniko vya makopo, na yeye ameketi kando akiendelea na bango lake, kana kwamba wageni wale ni mafundi wenzake. Mvulana mmoja alikuwa akichora lori lile lile kila alipokuja, katikati ya karatasi, bila barabara wala dereva. Watu wazima tuliokuwapo tulishaanza kunong'onezana maana ya lori hilo. Mchoraji hakuuliza. Alichukua kipande kingine cha karatasi, akakigundisha kwenye ukingo wa kulia, mbele ya pua ya lori, kisha akarudi kwenye kazi yake. Mtoto alikitazama kile kipande, akachora barabara, na baadaye akaomba karatasi nyingine ya kuunganisha. Nilipomuuliza mchoraji kama amejua lori lile lilihusu nini, alinijibu kwamba hajui na wala hatauliza; lililo juu yake ni kuangalia karatasi isimwishie mtoto njiani.

Mchangiaji wa kwanza, mzazi

Mimi ni mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na mfinyanzi aliyetupokea alianza na vifaa kabla ya kuanza na mtoto. Mpini wa brashi aliuzungushia sponji na kitambaa hadi ukanenepa kiasi cha kushikika kwa kiganja kizima, karatasi akaibandika mezani kwa utepe kwenye pembe zote nne ili isiteleze, na bakuli la maji akatafuta lenye kitako kizito. Udongo alimpa ukiwa laini kuliko anaoutumia yeye, kwa sababu vidole vyenye misuli iliyokaza huchoka upesi. Ninalomshukuru zaidi ni kwamba hakumalizia kazi ya mwanangu kwa mkono wake, ingawa vikombe vilikuwa vimeinama upande mmoja. Vilichomwa hivyo hivyo, katika tanuri moja na vya wateja.

Mchangiaji wa pili

Nami nina la kulalamikia. Kuna shirika lililomleta msanii mzuri sana kwenye kituo nilichokuwa nikijitolea, kisha likachapisha michoro ya watoto kwenye kalenda pamoja na majina yao na misiba yao, bila kumwuliza mtoto hata mmoja. Ibara ya 13 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inampa mtoto haki ya kujieleza, na inaitaja sanaa waziwazi kuwa mojawapo ya njia za kufanya hivyo. Ibara ya 16 inalinda faragha yake. Tangu hapo, kila nikikutana na msanii wa aina hii humuuliza kwanza picha hizo ni za nani na zinatunzwa wapi.

Mchangiaji wa tatu, mwalimu wa sanaa

Kuhusu umiliki, mchoraji niliyemfahamu ana kabati lenye droo ya kila mtoto, na mtoto ndiye anayeamua kinachotoka. Kila kazi huandikwa jina la aliyeifanya, kwa mkono wa mtoto mwenyewe. Desturi hiyo anasema aliichota kwa Friedl Dicker-Brandeis, msanii Myahudi aliyesoma Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu ya Ujerumani, ambaye Wanazi walimpeleka mwezi Desemba 1942 katika geto la Terezín, mji wa Ucheki ya leo walikowafungia Wayahudi. Humo aliwafundisha watoto kuchora kwa karatasi zozote zilizopatikana, akawataka watie majina yao kwenye kazi zao. Kabla ya kusafirishwa kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, alikouawa mwezi Oktoba 1944, aliacha masanduku mawili yenye michoro ipatayo 4,500, ambayo sasa imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Wayahudi mjini Prague. Wengi wa watoto wale waliuawa pia, na ni majina hayo yanayotuwezesha leo kujua nani alichora nini. Mwanafunzi wa Dicker-Brandeis wa kabla ya vita, Edith Kramer, alikimbilia New York mwaka 1938 na akawa miongoni mwa waanzilishi wa tiba ya sanaa nchini Marekani.

Mchangiaji wa nne, mshauri nasaha

Hapo penye tiba ya sanaa ndipo ningependa tutofautishe, hata kama wapo watakaoniona mkali. Tiba ya sanaa ni taaluma yenye mafunzo na usimamizi wake, na msanii wa mtaani si mtabibu. Yule niliyefanya naye kazi katika wodi ya watoto alilijua hilo vyema. Mtoto mmoja alipochora huku akisimulia jambo lililoashiria kwamba anapigwa, hakumhoji wala hakumwahidi kuitunza siri. Aliyaandika maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, akaweka tarehe, na siku hiyo hiyo akamfikishia afisa ustawi wa jamii. Picha yenyewe hakuitafsiri, kwa kuwa jua jeusi au mtu asiye na mikono si ushahidi wa lolote: mikono ni migumu kuchora, na watoto wengi huiacha kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo, anayetaka kumwalika msanii amuulize mapema ni mtu mzima gani mwingine atakuwapo chumbani, na mtoto akitamka jambo zito litapelekwa kwa nani. Wa kwetu alikuwa na namba ya afisa huyo imebandikwa upande wa ndani wa mlango wa kabati la rangi, na kila aliyekuja kumsaidia alionyeshwa ilipo kabla hajapewa brashi.