Mjadala: Tulete nyuki wa Ulaya kwa ajili ya nyanya za Bukavu?

Wapo wanaotaka wakulima wetu waletewe Bombus, wale nyuki wanene wenye manyoya wanaofugwa Ulaya na kuuzwa kwa maboksi. Mimi napinga.

Kazi yao naikubali. Ua la nyanya huficha chavua ndani, haitoki vizuri mpaka nyuki alikumbatie na kulitetemesha kwa mvumo. Nyuki wa asali hawezi. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 Ubelgiji na Uholanzi wanawafuga.

Lakini tazameni Chile. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waliingiza Bombus terrestris, aina ile inayofugwa Ulaya. Hawakukaa mashambani: walivuka milima ya Andes wakaingia Argentina, na popote walipofika, Bombus dahlbomii, mwenyeji mkubwa wa rangi ya chungwa, alizidi kuadimika. Wataalamu wanashuku vimelea walivyokuja navyo. Marekani nako, Bombus affinis, mwenyeji wa huko aliyekuwa wa kawaida kabisa, aliwekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 2017. Kupungua kwake kulionekana kwa sababu kulikuwa na rekodi za miaka mingi. Sisi tukileta wageni kabla ya kuwahesabu wenyeji, tutalinganisha na nini?

Na wenyeji tunao. Kusini mwa Sahara hakuna Bombus wa asili, ila wapo nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, nao hutetemesha maua vilevile. Simama asubuhi kwenye maua ya marakuja (pasheni) huko Kabare, jirani na Bukavu: nyuki mweusi anaingia, mgongo unagusa chavua, anatoka na vumbi la njano mabegani.

Mama mkulima, Kabare: Baba, hao weusi wanatoboa paa langu! Na tukingoja hesabu zenu watoto watakula nini? Nisipopuliza dawa, viwavi wanamaliza nyanya zote.

Jibu: Mama, paa lina haki yake. Paka mbao rangi, kisha acha magogo makavu kando ya shamba badala ya kuyachoma yote makala; watahamia huko. Dawa puliza jioni, nyuki wakisharudi. Nyingine ni kali mno: Umoja wa Ulaya ulikataza imidacloprid, dawa ya kuua wadudu, kwenye mashamba ya nje mwaka 2018. Kuhesabu hakukuzuii kulima. Mwanafunzi na daftari kwenye maua yako, msimu hadi msimu, ni mwanzo tosha.

Mama mkulima: Mwanafunzi aje, nitampokea. Ila anayeniuzia dawa Kadutu, mjini Bukavu, hajaniambia hata siku moja saa ya kupuliza. Kawaambieni na wao.