Gumzo la familia: kocha abaki au abwage manyanga?

Binamu: Mmeona ya jana? Tatu bila, tena nyumbani. Mimi nimechoka. Kocha wetu afungashe virago.

Dada: Wiki iliyopita si ulimwita mfalme? 😂

Binamu: Wiki iliyopita tulishinda.

Babu: Hata salamu hamna.

Binamu: Shikamoo Babu. Samahani, ni hasira.

Babu: Marahaba. Haya, endelea na hasira zako.

Binamu: Amekaa mno jamani. Kuna wachezaji pale walikuwa hawajazaliwa wakati anaanza ukocha.

Babu: Miaka si hoja, mjukuu wangu. Kocha Ferguson tulikuwa naye Manchester United tangu Novemba 1986 mpaka Mei 2013, na msimu wa kuaga akatuachia ubingwa.

Mimi: Na kikosi cha wazee, Babu. Giggs, Scholes, Ferdinand, wote jua lilikuwa linazama. Moyes, kocha aliyemrithi, alipewa mkataba wa miaka sita, hata mwaka haukuisha.

Babu: Moyes alijimaliza mwenyewe.

Mjomba: Baba, hapo hapana. Hebu tuwe wakweli.

Babu: Wewe Arsenal nyamaza. Kocha wenu Wenger mlimrushia ndege.

Dada: Ndege??

Mjomba: Ilikuwa Machi 2017, tunacheza na West Brom ugenini. Ikapita ndege inaburuta bango angani, Wenger asipewe mkataba. Haikupita muda ikaja nyingine yenye bango la kumtetea. Chini tunapigwa 3-1. Nilikuwa naangalia na sijui nicheke au nilie.

Mimi: Na mwezi huo huo si mmetoka kufungwa na Bayern jumla ya 10-2?

Mjomba: Asante kwa kunikumbusha, mpwa wangu.

Binamu: Baba ulikuwa upande wa ndege gani?

Mjomba: Ya pili. Mpaka leo. Misimu 20 mfululizo hatukutoka nne bora, huku tunalipia uwanja mpya na kuuza wachezaji. Msimu wa 2003/04 ligi nzima hatukufungwa mechi hata moja. Mtu kama huyo humtoi kwa mabango.

Mimi: Lakini Mei 2017 mlichukua Kombe la FA, akaongezewa miaka miwili, akamaliza mmoja. Nafasi ya sita. Angeaga pale Wembley baada ya kuwafunga Chelsea angetoka kifua mbele.

Mjomba: Hilo nakubali. Kwa shingo upande.

Dada: Kwa hiyo sheria ni kutoka ukiwa juu?

Babu: Rahisi kusema. Ferguson mwaka 2001 alitangaza msimu unaokuja ndio wa mwisho. Wachezaji wakalegea. Februari 2002 akabadili mawazo, lakini maji yalishamwagika, hatukupata taji hata moja, na hawa Arsenal wakaja kuchukulia ubingwa Old Trafford, nyumbani kwetu.

Mjomba: Goli la Wiltord 😌

Babu: Sikukuuliza. Ninachosema, baada ya hapo alichukua ligi mara sita, na Ligi ya Mabingwa ya 2008. Angeng'atuka alivyosema, nani angejua hayo yalikuwa njiani? Kwa hiyo kocha asitangaze mapema. Ukishatangaza, mchezaji anaanza kumuwaza bosi ajaye.

Mimi: Klopp wetu wa Liverpool alitangaza kuondoka Januari 2024 tukiongoza ligi, tukamaliza wa tatu. Kwa hilo Babu nakupa. Ila alisema nguvu zinamwishia, na akaacha timu imekamilika. Slot akaja kumrithi, karibu wachezaji wale wale, akabeba ubingwa msimu wake wa kwanza. Mimi kocha namhukumu kwa msimu unaofuata baada ya yeye kuondoka.

Binamu: Hiyo si haki. Anahukumiwa kwa mechi ambazo hakai benchi?

Mimi: Kwa nini isiwe? Paisley, kocha wetu wa zamani Liverpool, aliondoka 1983, msaidizi wake Fagan akachukua ligi, Kombe la Ligi na la Ulaya ndani ya msimu mmoja. Nyumba ilikuwa imepangwa.

Mama mdogo: Nimeamka na meseji 40 nikadhani kuna msiba. Kumbe mpira.

Dada: 😂😂😂

Mama mdogo: Niulize tu. Huyo kocha, kuna mtu pale kazini anayeweza kumwambia hapana?

Babu: Ya makocha hayo, mwanangu, hayaendi hivyo.

Mjomba: Hapana Baba, dada yangu kauliza swali zuri kuliko sisi wote. Wenger alikuwa na David Dein, makamu mwenyekiti wa Arsenal. Dein ndiye aliyemleta, anabishana naye, anahangaika na usajili. Aprili 2007 Dein akaondoka. Baada ya hapo nani alibaki wa kumkatalia? Benchi la ufundi lilikuwa Pat Rice mpaka 2012, halafu Bould, mchezaji wake wa zamani. Wote watu wake. Ferguson naye aliogopwa kama simba, lakini tazama wasaidizi: Kidd, McClaren, Queiroz, Phelan. Kila baada ya miaka michache anaingiza mtu mwenye mazoezi mapya na mawazo mapya. Ndiyo maana alidumu. Kocha akianza kuzungukwa na wale wale wanaoitikia ndiyo bosi, saa yake imefika, awe na kombe mkononi au asiwe nalo. Nasema hivi na roho inaniuma maana Wenger nampenda.

Babu: Kumbe una akili.

Mjomba: Nimerithi.

Babu: Clough, kocha wa Nottingham Forest, ndio hivyo hivyo. Forest walishuka daraja 1993, mechi ya mwisho nyumbani wamefungwa 2-0 na Sheffield United, na uwanja mzima unamwimbia yeye. Makombe mawili ya Ulaya aliwapa, nani angethubutu kumwambia mzee pumzika?

Mimi: Na wengine wakitoka hawatoki. Shankly, kocha wa Liverpool kabla ya Paisley, alijiuzulu 1974 akaendelea kwenda mazoezini, wachezaji wanamwita bosi na Paisley amesimama pale pale.

Mama mdogo: Maskini. Wote wawili.

Dada: Binamu, kocha wenu wasaidizi wake ni kina nani?

Binamu: Wale wale aliokuja nao. Mmoja ni shemeji yake.

Mjomba: 🙆🏾‍♂️

Binamu: Naweka kura. Abaki au aondoke?

Mama mdogo: Mimi nimebonyeza aondoke. Huyo shemeji ndiye kanikera.

Dada: Babu, umepiga kura pande zote mbili.

Babu: Najua. Abaki mpaka msimu uishe, halafu aondoke. Na asimwambie mtu, hasa shemeji.