Kuchangiana matibabu kikanisa huku Marekani: msidanganyane kuwa ni bima

Wakuu, tulijadili hili bila kurushiana mistari ya Biblia. Huku kuna vikundi vya Wakristo vya kuchangiana gharama za matibabu, kama Samaritan Ministries na Medi-Share. Kila mwezi unatoa fungu lako. Mwenzako akilazwa, bili inagawanywa kwa wanachama. Mara nyingi ni nafuu kuliko bima, na sheria ya afya ya Obama ya 2010 iliwasamehe wanachama wa vikundi hivi faini ya serikali kuu ya kutokuwa na bima, iliyotozwa hadi 2018.

Tatizo langu ni moja: hakuna anayebanwa kisheria akulipie. Karatasi zao wenyewe zinasema hivyo. Ukija na kisukari chako cha zamani wanaweza kukuwekea mipaka, wakati bima ya kawaida ya mtu binafsi imekatazwa kumbagua mgonjwa tangu 2014. Sharity Ministries ilifilisika 2021, watu wakabaki na bili zao mkononi.

*Baba Pacha:* Mkuu, unakisema vibaya kitu kilichonibeba. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Hundi zilikuja kwa posta kutoka kwa watu nisiowajua, nyingine zina kikaratasi: "Tunawaombea mama na watoto." Bado ninavyo kwenye droo. Kampuni gani ya bima itakuandikia hivyo?

*Mleta mada:* Hongera, kaka, na hilo silipingi. Ila nyumbani nikichanga msibani, mweka hazina ni jirani, daftari liko mezani, asiyetoa anajulikana. Hapa unachangiana na watu wa majimbo hamsini. Daftari analishika nani?

*Bi Zuhura:* Na msifanye kana kwamba dini na udhibiti haviivi. Takaful, yaani bima ya Kiislamu, nayo ni kuchangiana, tena kwa misingi ya imani, lakini Kenya inafanya kazi kwa leseni, chini ya mamlaka ya bima. Ukidhulumiwa unajua mlango wa kugonga.

*Mleta mada:* Hapo umenimalizia, dada. Wachangiane, wasali, ila wakaguliwe. Jimbo la Colorado lilianza kwa kuwataka watoe taarifa zao kila mwaka, na mimi naona bado ni kidogo. Baba Pacha, ulipojiunga walikuuliza kuhusu presha?

*Baba Pacha:* Waliuliza, nikajaza "hapana". Vidonge nilianza mwaka uliofuata. Sasa sijui wataihesabu ni ya zamani au mpya. Ngoja niitafute ile karatasi.